Toroli ya Mombo: chombo cha vita kilichosukumwa kwa mikono

KAZI ZA MIKONO NYUMBANI

Kijana akitaka kuunda mfano wa chombo cha vita, la kwanza kumjia akilini ni kifaru. La pili ni ndege, na la tatu ni manowari. Vyombo hivyo ameviona katika picha, na pengine katika maduka ya mijini, ambamo huuzwa masanduku ya vipande vya plastiki vilivyo tayari kubandikwa kwa gundi. Kampuni ya Tamiya ya Japani imejipatia sifa duniani kote kwa masanduku ya namna hiyo, na kipimo chake cha moja kwa thelathini na tano kimekuwa kama sheria miongoni mwa mafundi wa vifaru vidogo. Kazi hiyo si ya kudharauliwa, kwani humfunza mtu subira, usafi wa mkono na ukali wa jicho. Lakini bei ya masanduku hayo ni nzito kwa mfuko wa mfanyakazi, na historia iliyofungwa ndani yake aghalabu ni ya watu wengine na nchi nyingine.

Leo ukurasa huu unapendekeza chombo ambacho hakiuzwi katika sanduku lolote. Kilitembea hapa hapa katika nchi ya Tanga, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hakikuwa na injini wala mzinga, wala hakikuwa na bamba la kuzuia risasi. Kilikuwa jukwaa la mbao juu ya magurudumu manne ya chuma, nacho kilisukumwa na watu. Hicho ni toroli ya reli nyembamba iliyokuwa ikienda kutoka Mombo hadi Handeni. Mfano wake unaweza kuundwa na baba au mama pamoja na watoto kwa Jumapili tatu au nne, na vifaa vyake karibu vyote vinapatikana bila kununuliwa.

RELI MBILI ZISIZOKUTANA

Kabla ya kushika kisu, fundi hana budi kukijua chombo anachokiunda, kilifanya kazi gani na kwa nini kilikuwapo. Fundi asiyejua hayo huiga umbo tu.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilikuwa reli yenye upana wa mita 1, nayo ilipanda polepole kuelekea bara. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 ndipo Dakta Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Katika miche 1,000 iliyoagizwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo yakaenea mashamba, na kufikia mwaka 1913 koloni lilikuwa likipeleka nje tani 20,000 hivi za katani kwa mwaka. Majani ya mkonge ni mazito na hayana budi kufikishwa kiwandani upesi. Kwa hiyo wenye mashamba waliweka reli nyembamba, zenye upana wa sentimita 60 tu, na juu yake toroli zikisukumwa na vibarua. Wazee wengi wa Tanga, Muheza na Korogwe wanazikumbuka reli za namna hiyo, kwa kuwa ziliendelea kutumika mashambani miaka mingi baadaye.

Huko kusini, Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Lakini reli hizo mbili, ya kusini na ya kaskazini, hazikukutana mahali popote. Kati yake palikuwa na pori, mito na milima. Ziliunganishwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, kwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi.

Vita vilipozuka mwezi Agosti 1914, pengo hilo likawa jambo la kufa na kupona kwa jeshi la Wajerumani. Reli ya kaskazini ilionyesha nguvu yake mapema. Waingereza waliposhusha askari wapatao 8,000 katika pwani ya Tanga tarehe 2 Novemba 1914, Wajerumani walileta askari wao kwa treni kutoka Moshi, na watu wapatao 1,000 wakawarudisha wavamizi baharini kufikia tarehe 5. Wengi husimulia habari za nyuki waliowashambulia askari siku hiyo, na habari hiyo ni ya kweli. Lakini nyuki hawakuwaleta askari kutoka Moshi. Gari moshi ndilo lililowaleta.

Hata hivyo, treni haikuweza kuvuka mahali pasipo na reli. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza. Mwezi Aprili 1915 meli moja iitwayo Rubens iliyojigeuza sura ilifaulu kuingia katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, nayo ikapigwa mizinga na manowari Hyacinth. Shehena yake ya bunduki na risasi ikaopolewa majini, risasi zikaanikwa na kukaushwa, kisha zikachukuliwa bara. Lakini meli moja haishibishi jeshi. Chakula, risasi na dawa vilipaswa kupita nchi kavu, kati ya reli moja na nyingine. Magari ya petroli yalikuwa machache. Farasi, punda na ng'ombe waliuawa na ugonjwa uletwao na mbung'o. Kilichobaki kilikuwa mabega na vichwa vya watu.

Hapo ndipo wakuu wa jeshi walipozikumbuka reli za mashamba. Vipande vya reli nyembamba vilikusanywa kutoka mashamba ya kaskazini, na njia ikajengwa kutoka Mombo kuelekea kusini, ikavuka bonde la mto Pangani na kufika Handeni, mwendo unaozidi kilomita 60. Juu ya njia hiyo zikawekwa toroli. Chombo kilichozaliwa kwa kazi ya mkonge kikawa chombo cha vita, na kibarua wa shamba akawa mtumishi wa jeshi bila kupewa bunduki. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliifuata njia hiyo hiyo yakiteremka kutoka Mombo mpaka Handeni, na mwezi Julai mji wa Tanga ukatwaliwa.

KIPIMO

Sasa tuingie kazini. Kipimo tutakachotumia ni moja kwa ishirini. Maana yake ni kwamba kila sentimita 20 za kitu halisi zinakuwa sentimita 1 katika mfano. Mwachie mtoto afanye hesabu mwenyewe, kwani hii ni hesabu ya darasani iliyopata mwili.

Upana wa reli, sentimita 60, unakuwa sentimita 3. Gurudumu la sentimita 30 linakuwa sentimita 1 na nusu. Jukwaa tulipe urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na sentimita 20. Katika mfano litakuwa sentimita 10 kwa 6. Mtu wa kimo cha sentimita 170 anakuwa sentimita 8 na nusu. Kama kuna shamba karibu nawe ambako toroli ya kale bado imelala majanini, nenda na futi ya fundi cherehani, omba ruhusa, uipime na kuandika. Toroli hazikuwa za namna moja, na kipimo ulichokipata kwa mkono wako kina thamani kuliko nilichokupa mimi hapa.

VIFAA

Kwa mbao, hakuna kitu kinachofaa kuliko mlingoti wa mkonge, yaani ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mmea uliokomaa, kabla mmea wenyewe haujafa. Ukikauka huwa mwepesi ajabu. Ndani ni laini kama sifongo, na sehemu ya nje ni ngumu kiasi cha kushika msumari mdogo. Watu wa Tanga wameutumia kwa majengo na kwa mambo mengine mengi. Chagua uliokauka kabisa, usio na wadudu. Utautumia sehemu ya nje kwa fremu na mbao za jukwaa, na sehemu ya ndani kwa mizigo na viwiliwili vya watu.

Vifaa vingine ni hivi: vifungo vinane vya koti vilivyo bapa, vinne vyenye upana wa sentimita 1 na nusu na vinne vyenye upana wa milimita 18, njiti moja ya baiskeli, waya mnene kwa reli, kopo tupu la maziwa, gundi ya mbao, msasa, uzi wa katani, na kipande cha kaniki au marekani. Zana ni kisu kikali, koleo, tupa ndogo, mkasi wa kukatia bati, rula na msumari mwembamba. Bati lililokatwa hukata vidole kama wembe, kwa hiyo kazi ya mkasi na ya msumari wa moto ifanywe na mtu mzima.

MAGURUDUMU

Hapa ndipo mfano mzuri unapojitenga na mchezo wa kawaida. Watoto wetu ni mafundi wa magari ya waya, na katika magari hayo gurudumu huzunguka peke yake juu ya mhimili uliotulia. Gurudumu la reli halifanyi hivyo. Gurudumu na mhimili wake hukazwa pamoja vikawa kitu kimoja, na mhimili ndio unaozunguka ndani ya vishikio vyake. Tena gurudumu la reli lina mdomo uliotokeza upande wa ndani, ambao hulizuia lisiteleze nje ya njia.

Kila gurudumu utaliunda kwa vifungo viwili. Kile kikubwa ni mdomo, na kile kidogo ndicho kitakachokanyaga reli. Matundu ya kifungo hayako katikati barabara. Kwa hiyo tafuta kitovu chake kwa rula, kisha toboa tundu jipya kwa msumari uliopashwa moto. Bandika kidogo juu ya kikubwa, kitovu juu ya kitovu. Kata njiti ya baiskeli vipande viwili vya sentimita 5 na milimita 3 kila kimoja. Ingiza magurudumu mawili katika kila kipande, midomo ikitazamana, na nafasi kati ya mdomo na mdomo iwe sentimita 2 na nusu. Tia gundi na uache vikauke usiku kucha. Kesho yake uviringishe mhimili juu ya meza. Ukienda kwa kuyumba, tundu halikuwa katikati. Afadhali urudie sasa kuliko kujuta baadaye.

FREMU NA JUKWAA

Chonga boriti mbili kutoka sehemu ngumu ya mlingoti, kila moja iwe na urefu wa sentimita 10 na unene wa nusu sentimita. Toboa matundu mawili katika kila boriti, yaliyoachana kwa sentimita 4, nayo yawe mapana kidogo kuliko njiti ili mhimili uzunguke bila kukwama. Ingiza mihimili, magurudumu yakiwa kati ya boriti hizo mbili. Kisha ziunganishe kwa vipande viwili vya kukingama, kimoja mbele na kimoja nyuma, ili nafasi kati yake iwe kiasi cha sentimita 4. Hakikisha magurudumu yote manne yanagusa meza. Mguu mmoja ukining'inia, toroli itaanguka njiani kama ambavyo ingeanguka ile halisi.

Mbao za jukwaa zisiwe kipande kimoja. Kata vipande vyembamba vyenye upana wa sentimita 1, uvipange kwa kukingama juu ya fremu, kimoja baada ya kingine, ukiacha ufa mwembamba kati yake. Chovya ncha ya sindano katika wino ukatie nukta mahali pa misumari. Mbao moja au mbili ziwe na rangi tofauti kidogo, kwa kuwa wakati wa vita mbao iliyovunjika hubadilishwa kwa yoyote inayopatikana. Nyuma ya jukwaa simamisha vijiti viwili vyenye urefu wa sentimita 4, ukaviunganishe juu kwa kijiti cha tatu. Hapo ndipo pa kushika mtu anaposukuma. Usipasahau mahali hapo, tutaparudia.

NJIA

Reli za mashamba za namna hii zilitoka kiwandani zikiwa zimekwisha fungwa pamoja na mataruma yake ya chuma, mithili ya ngazi iliyolazwa chini. Mara nyingi kipande kimoja kilikuwa na urefu wa mita 5. Watu waliweza kukibeba, wakakilaza, wakakiunga na kilichotangulia, na njia ikasonga mbele. Ndiyo sababu iliwezekana kuing'oa njia shambani na kwenda kuilaza porini.

Kata waya mbili za sentimita 25 uzinyooshe barabara. Kata vipande vya bati vya sentimita 5 kwa nusu sentimita viwe mataruma, na ukunje kingo zake zielekee chini. Laza waya juu yake, nafasi ya ndani ikiwa sentimita 3 kamili kila mahali. Kata kijiti cha sentimita 3 kiwe kipimo chako, ukipitishe kati ya reli kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama una lehemu, unga kwa lehemu. Kama huna, funga kwa waya mwembamba na kuongeza gundi. Vipande viwili vilivyoungwa vinatosha kwa kuweka juu ya kabati. Msingi wake uwe ubao uliopakwa gundi na kunyunyiziwa udongo halisi uliochekechwa. Nchi ya Handeni ina udongo mwekundu. Ukiwa na ndugu huko, mwombe akuletee konzi moja.

RANGI NA ALAMA ZA KAZI

Wapo mafundi ambao hupaka rangi mpya mpaka mfano ukang'aa kama kikombe cha harusi. Chombo cha vita hakiwi hivyo. Chukua vumbi la tofali lililosagwa, changanya na masizi ya makaa na gundi iliyotiwa maji mengi, kisha upake juu ya bati na waya. Utapata rangi ya kutu. Mbao zisuguliwe kwa majani ya chai yaliyochemshwa, zitaonekana zimepigwa na jua na mvua.

Kisha fikiri, mahali kwa mahali, ni kitu gani kiligusa nini. Sehemu ya juu ya reli haina kutu, kwa kuwa magurudumu huisugua kila siku. Ipitishie msasa mwororo mpaka iwe nyeupe. Upande wa reli uache na kutu yake. Mahali mhimili unapoingia katika boriti pana giriisi na vumbi lililogandamana. Weka nukta ya masizi na mafuta. Kingo za jukwaa zimechubuka kwa kupakia na kupakua.

Na sasa turudi kwenye kile kijiti cha nyuma. Mti ulioshikwa na viganja vyenye jasho, siku baada ya siku, haufanani na mti mwingine. Huwa mweusi kidogo, laini, unang'aa. Sugua kijiti hicho kwa kidole chako kilichopakwa mafuta ya nazi kidogo na masizi kidogo, mara nyingi, kwa subira, mpaka ung'ae katika sehemu mbili ambamo mikono miwili ilishika. Mtazamaji asiyejua lolote ataona alama hiyo na kuelewa kwamba chombo hiki kilikuwa na injini, na injini hiyo ilikuwa mtu.

MIZIGO NA WATU

Shona magunia madogo ya kaniki, ujaze mchanga mkavu na kuyafunga kwa uzi wa katani. Masanduku yachongwe kutoka ndani ya mlingoti. Sanduku la sentimita 3 kwa 1 na nusu linafaa. Usirundike mno.

Hapa pana hesabu nyingine ya kumpa mtoto. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Toroli ikichukua nusu tani, imechukua mizigo ya wapagazi wangapi? Ni 18 na zaidi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi, na watu wachache huweza kusukuma kile ambacho kingewalemea wengi. Ndiyo faida ya toroli. Lakini muulize pia: mzigo ulipofika Handeni, reli ilipokwisha, ulichukuliwa na nani? Jibu ni kwamba ulirudi vichwani.

Kwa hiyo mfano wetu hautakamilika bila watu. Unda watu wanne. Mifupa yao iwe ya waya, mwili wa mlingoti wa mkonge, na nguo ya kaniki kiunoni. Wawili wasukume, miili imeinama mbele, mikono imenyooka, mguu mmoja nyuma umejikaza. Wawili watembee kando ya njia na mizigo kichwani. Usiwape nyuso za kuchekesha kama vikaragosi, wala usiwavalishe sare. Hawakuwa askari.

Baadhi ya wazazi huona si vyema mtoto aunde chombo cha vita, wakihofu kwamba atajifunza kupenda kuua. Hofu hiyo ina maana, na sitaipuuza. Mtoto akipewa kifaru cha plastiki na kuachwa nacho, ataigiza mlio wa mzinga, basi. Lakini vita havikuwa mlio wa mzinga tu. Katika Afrika ya Mashariki, kati ya mwaka 1914 na 1918, ugonjwa, njaa na uchovu viliua watu wengi zaidi kuliko risasi, na waliokufa kwa wingi walikuwa wapagazi. Kumbukumbu za Waingereza zenyewe zilihesabu vifo vya wapagazi wao zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi halisi inazidi maradufu ya hiyo. Kwa upande wa Wajerumani hakuna hesabu kamili iliyoachwa. Neno Kariakoo, tunalolitamka kila siku tukienda sokoni Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Na katikati ya jiji hilo hilo ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Aliyesimama juu yake ni mtu mwenye bunduki.

Tanga yapo makaburi ya vita yanayotunzwa, na majina ya askari yamechongwa. Mwezi Aprili 1933 haukuleta, wala Aprili 1963 haukuleta, kile kilicholetwa na Aprili 2021: ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya vita hivyo, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kuliandika hilo.

Mtoto aliyepinda waya mwenyewe ili mgongo wa msukuma toroli uiname inavyopasa, akatafuta namna ya kuufanya mguu wake ukaze, hawezi tena kuambiwa kwamba vita ni mchezo.

KIBAO

Kila mfano uliokamilika huwekewa kibao kidogo chenye maelezo. Kabla ya kukiandika, mpeleke mtoto kwa babu na bibi, au kwa mzee yeyote wa ukoo, hasa kama asili yenu ni Handeni, Korogwe, Lushoto, Pangani au Muheza. Aulize kwa adabu: Je, katika ukoo wetu kulikuwa na mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Wajerumani? Aliitwa nani? Alirudi? Waliosukuma toroli zile hawapo tena duniani, lakini wapo waliosimuliwa na waliosimuliwa. Nao wakiondoka, hakuna daftari la serikali yoyote litakalotusaidia.

Kisha andika kwa mkono ulionyooka, kwa wino usiofutika:

Toroli ya reli ya Mombo hadi Handeni, 1916. Kipimo: moja kwa ishirini. Ilisukumwa na:

Ukipata jina, liandike hapo. Usipolipata, acha nafasi wazi, pana ya kutosha jina zima la mtu na la baba yake.